Ndege Mbili, Goti Moja

Mama Mlango na Kapteni walikuwa hawasemezani tangu mahakama ilipovunja ndoa yao, na hata hivyo kila Jumamosi walipanda ndege moja. Usiniulize waliwezaje. Nyumba waliigawana, gari waliligawana, viti vya sebuleni walivigawana kimoja kimoja mpaka cha mwisho kikabaki nje kinagombewa huku mvua inakinyeshea. Lakini klabu yao ya kuruka na parachuti haikugawanyika. Ilikuwa karibu nusu ya huyu na karibu nusu ya yule, ndani ya ghala moja la zamani la nafaka, pembeni ya uwanja wa nyasi ulioishia kwenye ukuta wa matofali wa jirani. Hakuna aliyekuwa tayari kumwachia mwenzake hata kikombe cha chai kilichokuwa humo.

Kapteni ndiye aliyekuwa rubani. Jina hilo walimpa wanafunzi kwa sababu ya shati lake jeupe lenye mistari mabegani, ambalo alilivaa hata siku za kukata nyasi. Mama Mlango ndiye mkuu wa warukaji. Alikunja maparachuti, alifundisha, alifungana kifua kwa mgongo na wageni waoga akaruka nao, na juu kule ndiye aliyekaa mlangoni. Hatoki mtu kabla hajasema "Mlango." Watu walimwogopa kidogo na kumpenda sana, na yeye hakuwa na kitu alichokitaka duniani zaidi ya kile kipande cha mlango.

Katikati yao alikuwepo Fundi. Huyu alikuwa mdogo wake Mama Mlango, kitinda mimba wa kwao, na bado alimwita Kapteni shemeji, maana alisema talaka ile hakuiomba yeye. Ndiye aliyetengeneza injini, na watu wakiwa angani ndiye aliyekuwa mtu wa chini: anakaa kwenye benchi na redio, anatazama soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa juu ya mlingoti, anasema kama waruke au wasiruke. Kanuni ilikuwa kwamba chini ikikataa, rubani anazunguka upya, hata awe nani. Kazi hizo mbili alizipenda. Ya tatu ilimchosha masikio. "Mwambie dada yako mafuta yamefika." "Mwambie shemeji yako nimeyaona." Na hayo yalisemwa wote watatu wakiwa wamesimama juu ya zulia moja la kukunjia maparachuti, wanasikiana mpaka kupumua. Ndani ya ndege aliwafungia taa mbili, nyekundu na kijani, ili waelewane bila kufungua midomo. Wageni walidhani ni utaalamu wa kisasa.

Sababu ya kuachana kwao Mama Mlango aliisimulia kwa sentensi moja: mume wangu alikwenda kupima macho kwa ajili ya leseni, akasahau kurudi nyumbani. Mwenye duka la miwani alikuwa mwanamke mpole wa sauti ya chini, na Kapteni alihamia kwake na sanduku moja la nguo na redio ya jikoni. Sanduku Mama Mlango angelisamehe. Redio aliinunua yeye.

Basi ndege yao ikafa. Mkaguzi aliitazama injini ambayo Fundi alikuwa ameifungua na kuifunga mpaka akaijua kama mfuko wake, akafuta mikono, akasema hiyo hairuki tena. Ikawa hakuna ujanja: ama wapate ndege nyingine kabla ya kiangazi, ama warukaji wao wahamie klabu ya mji wa pili, na ghala lirudi kuwa la nafaka. Dalali wa ndege akawaletea mbili za kujaribu, akawaambia anayechagua na achague, hana muda wa kubembeleza watu wazima.

Ya kwanza ilikuwa ndogo, mabawa juu, injini moja ya kawaida, viti vyote vimeng'olewa isipokuwa cha rubani. Inabeba warukaji wanne, tena wakiwa wamepiga magoti na kubanana. Kutoka ndani yake ni shughuli. Unajikokota kwa magoti mpaka kwenye kamlango ka ubavuni, unashika nguzo ya bawa, unakanyaga gurudumu, unasimama juu yake nje kwenye upepo, ndipo unajiachia. Ya pili ilikuwa kubwa, injini yake inalia kwa mluzi, inapaa mbio, na nyuma ina mlango mpana ambao mtu anatoka kwa kutembea kama anakwenda dukani. Lakini watu wa bima hawakutaka kusikia habari ya rubani asiyezoea injini ya namna ile. Ndege hiyo ikinunuliwa, rubani wake angeajiriwa pamoja nayo.

Moto ulikuwa hapo. Ikinunuliwa kubwa, Kapteni anabaki chini na shati lake. Ikinunuliwa ndogo, anayebaki chini ni Mama Mlango, ingawa hilo alidhani analijua peke yake. Goti lake la kulia lilikuwa limekwisha. Aliliumiza zamani kwa kutua vibaya, likapona nusu, na sasa likikunjwa halikunjuki mpaka abembeleze. Ndege yao ya zamani ilikuwa na mlango wa chini, naye alikaa kizingitini akateleza tu kwenda zake, hakuna aliyeshuku. Kupiga magoti njia nzima mpaka juu, kisha kuinukia gurudumu, hakuweza. Na alishaapa moyoni kwamba kama kuna mtu wa kuondoka kwenye klabu ile, si yeye.

Walikutana ghalani kujadili. Mbali na hao watatu alikuwepo Mwokaji, mwanamke wa tanuri la mikate la mjini, mwanafunzi bora wa Mama Mlango, ambaye siku hizi naye alikuwa na ruhusa ya kuruka na wageni. Alikuja na unga kwenye nyusi na mkate wa moto, akaukata kimyakimya, akaketi mbali na ugomvi. Alishazoea.

Mama Mlango ndiye aliyeanza. Akamwambia Fundi, kwa sauti ya kumfikia mtu mwingine, kwamba zama za kubanana zimepita. Ndege kubwa inapaa haraka, wageni hawapati kichefuchefu, mtu anatoka wima kwa heshima zake. Alizungumza vizuri, akasifu mpaka bawaba za mlango. Kapteni akamsikiliza huku anakoroga chai ambayo haikuwa na sukari. Kisha naye akamwambia Fundi amuulize dada yake Jumamosi huwa wanapata wageni wangapi, na hao wachache watakaaje ndani ya ndege kubwa isiyoruka kwa faida mpaka ijae. Amuulize pia kama ameuona uwanja wao mvua ikinyesha. Na ukuta wa jirani, je, ataubomoa yeye?

Mama Mlango akasema kuna watu wanaogopa ndege kubwa kwa sababu macho yao hayafiki mbali. Fundi akainamisha kichwa kwenye kikombe. Shingo ya Kapteni ikabadilika rangi, na akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu talaka. Alimtazama mtalaka wake moja kwa moja usoni.

"Fundi," akasema, "muulize dada yako anapandaje ngazi siku hizi."

Hakuna aliyetafuna. Mama Mlango aliuweka mkate wake chini. Mtu yule alilikanda goti lile kwa dawa ya moto usiku baada ya usiku, miaka na miaka, kabla hajajua njia ya kwenda kupima macho. Alilijua goti kuliko daktari. Na sasa analitoa hadharani, mbele ya Mwokaji, kama mtu anayeanika nguo ya ndani ya mwenzake barabarani. Alimchukia kwa roho yake yote.

"Ngazi napanda kwa miguu," akasema. "Mwambie shemeji yako, na ndege yake ndogo nitaipanda."

Fundi ndiye aliyekuwa na hisa chache zilizobaki, za kuamua baina yao, na wote wawili walishamfuata kwa nyakati tofauti kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Dada alimkumbusha nani alimlea. Shemeji alimkumbusha nani alimfundisha kazi. Fundi hakutaka kuwa adui wa yeyote, hivyo akakimbilia kwenye kanuni ya klabu, ambayo hao hao wawili waliiweka wakiwa bado wanapendana. Ndege hainunuliwi kabla rubani hajairusha na mkuu wa warukaji hajaruka kutoka ndani yake, kisha kila mmoja anasimama mbele ya wenzake na kusema kama inafaa. Akishasema harudi nyuma. Fundi akasema atafuata watakachosema hapo, na sasa wamwache anywe chai.

Kubwa ikajaribiwa kwanza. Rubani wa dalali alikaa kushoto, Kapteni kulia, na Mama Mlango na Mwokaji wakakaa nyuma sakafuni na nafasi ya kucheza mpira. Ilipaa kwa raha. Walipofika juu Mama Mlango aliinuka akitegemea ukuta, akatembea mpaka mlangoni, akatoka wima. Goti halikusema neno. Chini ya parachuti lake alijiona kijana, akajisikia kuimba, akatua kwa makalio kwenye nyasi laini na kujifanya ameteleza.

Kisha akasimama na Fundi kutazama ndege ikirudi. Rubani wa dalali alikuwa amemwachia Kapteni aishushe. Kapteni akaja mbio mno, mkono wake umezoea ile ya zamani. Ndege ikapita nusu ya uwanja bado inaelea, ukuta unakaribia, mpaka ikaonekana wazi kwamba mwenzake amempokonya usukani, injini ikapiga mluzi, wakapaa upya juu ya paa la jirani. Kuku wa jirani walitawanyika. Mara ya pili aliishusha rubani wa dalali mwenyewe, na Kapteni akateremka shati limemganda mgongoni.

Mama Mlango alicheka. Alicheka kwa sauti, mikono kiunoni, apate kusikiwa. Lakini macho yake yaliona na kingine. Hata katika mikono ya mwenyewe ndege ile ilisimama pua karibu na ukuta, na magurudumu yake yalikuwa yamelima mitaro miwili kwenye nyasi, na hapo mvua haijanyesha wiki nzima. Alijua maana yake. Alijua pia kwamba ndani ya ndege ile, kati ya sakafu yote ile, warukaji walikuwa wawili tu. Akajitia hamnazo, akaenda kukunja parachuti lake.

Siku ya ndogo kulikuwa na upepo mwembamba na jua. Asubuhi alilifunga goti kwa bandeji ngumu chini ya suruali, akameza vidonge, akajikaza. Alikuwa na mpango. Ataipanda, ataruka hata kama ni kwa meno, kisha atasimama na kusema ndege hii ni hatari, na nani atambishia?

Sasa kuna jambo moja la ndege hizi ndogo. Gurudumu unalolikanyaga ni gurudumu, linazunguka. Rubani asipokandamiza breki, mguu wako unateleza kama umekanyaga ganda la ndizi, na wewe uko nje. Kapteni na Mama Mlango walilijua hilo kuliko mtu yeyote, kwa sababu ndege yao ya kwanza kabisa, walipokuwa maharusi wasio na hata kitanda, ilikuwa ya aina hii hii. Walitunga maneno yao. Yeye anasema "Breki," mumewe anajibu "Imeshika," ndipo anakanyaga. Walikuwa wakiyasema hata nyumbani kwa mchezo, mmoja akipanda stuli kubadilisha balbu na mwingine akiishikilia. Katika ndege hii ya dalali hakukuwa na taa ya kijani wala nyekundu. Hakukuwa na Fundi wa kutumwa. Kulikuwa na neno lile moja tu, na mtu wa kuambiwa ni Kapteni mwenyewe.

Walipiga magoti, Mama Mlango na Mwokaji, nyuma ya kiti cha rubani. Kabla hawajafika nusu ya safari goti lilikuwa limewaka moto, na machozi yalimtoka bila kulia. Aliyafuta kwa bega. Mwokaji alimwona, akafungua mdomo, akaonywa kwa jicho, akafunga. Kapteni alitazama mbele. Hakugeuka hata mara moja, lakini kioo kidogo kilichokuwa juu ya kichwa chake kilimtazama Mama Mlango njia nzima.

Fundi akasema kwenye redio chini kuko shwari. Injini ikapunguzwa. Mama Mlango akafungua kamlango, upepo ukaingia na kelele zake, akajivuta kwa mikono, akashika nguzo ya bawa, akautoa mguu mmoja nje. Ilibaki neno. Alilihisi limekaa kwenye ulimi. Kapteni naye alikuwa amekaza shingo, anangoja kuombwa, na katika kile kioo Mama Mlango aliona kabisa kwamba anangoja. Akajisemea, nikuombe wewe? Wewe uliyenianika mbele ya watu? Akauma meno, akakanyaga bila kusema.

Gurudumu likazunguka. Mguu ukatoka, goti bovu likagonga chuma, na mwili wote ukaning'inia kwenye nguzo kwa mikono miwili. Maumivu yalikuwa makubwa kiasi kwamba hakuyasikia mara moja, aliona weupe tu. Mkono wa Mwokaji ukamdaka mkanda wa begani. Ndege ikayumba, ikatulizwa. Mama Mlango akageuza uso, na Kapteni safari hii alikuwa amegeuka kweli, uso umemsawijika.

"Breki," akasema.

"Imeshika," akasema Kapteni.

Ikawa imeshika. Akalikanyaga gurudumu kwa mguu mzima, akasimama, akapumua. Kurudi ndani kungekuwa kugumu kuliko kwenda, na hata kama kungekuwa rahisi asingerudi. Akajiachia.

Alitua kwa ubavu na kuburuzwa na parachuti lake mpaka Fundi alipolikimbilia na kulikumbatia. Wakambeba, mdogo wake na Mwokaji aliyetua baada yake, wakamweka kwenye benchi nje ya ghala. Goti lilishavimba kuliko kichwa cha mtoto. Fundi alipandwa na hasira. Alisema ameona kwa darubini yake, ameona mguu unatoka, na kwamba ndege ile ni mtego, haitanunuliwa, liwalo na liwe. Mwokaji alikimbilia ghalani. Alileta barafu kwenye taulo.

Kapteni akashusha ndege, akaizima, akaja kwa miguu. Alitua vizuri, mwanana, katika robo ya uwanja. Alisimama mbali kidogo na benchi na kumwambia Fundi, kwa sauti iliyokauka, "Mwambie dada yako sikusikia neno."

"Mwambie anajua," akasema Mama Mlango.

"Alikuwa anakutazama," Mwokaji akasema taratibu, akimsogezea Mama Mlango barafu. "Kwenye kioo. Nilimwona."

Kapteni hakukana. Alikunja mikono, akaikunjua, akatazama soksi ya upepo kama ina habari mpya. Hapo Fundi akasema basi, kanuni ni kanuni, kila mmoja aseme. Kapteni akatangulia. Alisema kubwa ni ndege nzuri kwa uwanja mwingine, haifai hapa, na ndogo inafaa. Fundi akamtazama kwa dharau ambayo hakuwahi kumtazama nayo. Kisha wote wakamgeukia Mama Mlango.

Ilikuwa mikononi mwake. Hakuwahi kumbana Kapteni mahali patamu kama pale. Goti lilikuwa ushahidi, limelala pale juu ya benchi watu wote wanaliona. Aseme tu kwamba gurudumu ni hatari, na Fundi yuko upande wake, na Mwokaji atanyamaza, na kesho kubwa inanunuliwa na rubani wake mgeni, na Kapteni anakwenda kuuza miwani. Na yeye atabaki na mlango wake, mlango mpana wa kutembea. Kapteni alilijua hilo. Alikuwa amesimama pale kama mtu anayengoja kofi, na hakuwa na la kujitetea ambalo yeyote angeliamini.

Mama Mlango alitamani kulisema. Nani asingetamani? Lakini aliiona ile mitaro miwili kwenye nyasi, akauona na ukuta, na Mwokaji na wageni wake wamo ndani ya kubwa, mvua imewarudisha chini bila kuruka na uwanja umelowa. Mtu aliyekaa mlangoni maisha yake yote anajua kitu kimoja, kwamba hutamki neno kama huliamini, kwa sababu kuna mtu atatoka nje kwa neno lako.

"Gurudumu halina kosa," akasema. "Sikuomba breki. Kubwa itatuua kwenye ule ukuta. Ndogo ndiyo yetu."

"Na goti je, dada?" akauliza Fundi.

"Goti halinunuliwi. Mimi siipandi tena."

Alidhani Kapteni atasema kitu. Si kwamba alikitaka, la, ila mtu hungoja. Kapteni alimwambia Fundi ampigie dalali simu, akageuka, akaanza kuondoka. Baada ya hatua chache akasimama. Bila kugeuza uso akasema Fundi amwambie dada yake barafu isikae kwenye ngozi tupu, inaunguza. Mama Mlango akajibu kwamba aambiwe aende akapimwe na moyo, maana macho yameshapimwa vya kutosha. Shati jeupe likaendelea kwenda zake.

Wiki ile alilia kwake, jikoni, bila redio ya kumfichia sauti. Alilia kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni. Alikuwa amesema kweli, na kweli yenyewe ilikuwa upande wa yule mwanamume. Hiyo ndiyo iliyomkata maini.

Jumamosi ya kwanza ya ndege mpya alifika kabla ya wote, na mkongojo. Fundi alipotoka ghalani kukaa kwenye benchi lake, alimkuta dada yake ameshakalia benchi, mguu umenyooshwa juu ya ndoo, redio mapajani, birika la chai pembeni.

"Wewe una injini mpya ya kuitunza," akamwambia. "Mtu wa chini ni mimi."

Fundi akaanza kusema labda shemeji asingependa. Dada yake akamtazama, naye akakumbuka kazi iliyokuwa inamsubiri ghalani. Akaondoka kwa furaha ya mtu aliyevuliwa mzigo kichwani.

Kikanyagio cha chuma cha kufunga juu ya gurudumu Fundi alikuwa ameshakichomelea, lakini kibali chake kilikuwa bado kwa mkaguzi, na mkaguzi haharakishwi. Kwa hiyo bado walikuwa wanatoka kwa gurudumu. Mwokaji ndiye aliyekaa mlangoni siku hiyo, na wanafunzi wawili nyuma yake. Ndege ikapaa polepole, ikazunguka, ikawa kitone. Mama Mlango aliisikiliza kwa shingo yote. Upepo ulikuwa mzuri, soksi imelala, mbingu nyeupe. Redio ikakoroma.

"Chini, naomba ruhusa," ikasema sauti ya Kapteni, imezoea kumsemesha Fundi.

Mama Mlango akabonyeza kitufe. "Breki?" akauliza.

Kukawa kimya. Kimya kile alikijua, alikuwa amekaa nacho mezani miaka. Juu kule mtu alikuwa ametambua ni nani yuko chini, na kwamba hakuna Fundi wa kumtuma, na kwamba kila Jumamosi, kila safari, kila mrukaji, itakuwa hivi. Ndege ikasonga mbele, ikapita juu ya uwanja, ikaelekea kwenye ukuta.

"Zunguka," akasema Mama Mlango.

Kanuni ni kanuni. Ikazunguka. Injini ililalamika kule mbali, na yeye akajimiminia chai, akaipuliza, akanywa nusu kikombe bila haraka. Fundi alikuwa ametoka ghalani na spana mkononi, anatazama juu, kisha anamtazama dada yake, kisha juu tena.  Ndege ikarudi kwenye mstari wake.

"Chini, naomba ruhusa."

"Breki?"

Redio ikakwaruza. Ikanyamaza. Ikakwaruza tena, na ndani ya kelele ya upepo wa mlango uliokuwa wazi ikaja sauti ya mtu aliyeshindwa na asiyependa kushindwa, ile sauti iliyokuwa ikimshikilia stuli zamani.

"Imeshika."

Mama Mlango hakuachia kitufe mara moja. Alikitazama kile kitone mpaka macho yakamwuma, na goti likapwita kwenye bandeji, na bado alimchukia, tena sana. Kisha akasema, "Mlango," na juu kule Mwokaji akatoka.